Senta wa Tabora akienda Dar

Kaka, umeuliza kama mdogo wako mwenye sentimita 188, senta wa shule hapa Tabora, yaani yule mrefu anayecheza chini ya ringi, ataweza ligi ya kikapu ya Dar. Ataweza, ila si kwa nafasi ya senta. Huku ndiye mlingoti, kwa hiyo kocha anamsimamisha chini ya ringi na kumwambia "inua mikono tu". Huko Dar urefu wake ni wa gadi, yule anayepandisha mpira, na gadi asiyejua kudunda kwa mkono wa kushoto ananyang'anywa mpira kabla hajafika katikati ya uwanja. Mchezaji mfupi wa huku aliyezoea kupandisha mpira kila siku anahama kirahisi zaidi. Tena urefu wenyewe hautoshi: Hasheem Thabeet ana mita 2.21, Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2009, na bado hakupata namba ya kudumu huko.

Mtoe chini ya ringi leo. Adunde kwa kushoto huku anakutazama wewe usoni, kisha arushe kutoka mita 6.75, ndio mstari wa pointi tatu. Wiki za mwanzo atakuwa anaokota mipira chini ya miembe, mwache tu.