Bikoni zipo, mchoro uko wapi?

SWALI: Nimeonyeshwa kiwanja Sahare hapa Tanga, mita 20 kwa 25, nyuma yake kuna mikoko. Muuzaji ana barua ya serikali ya mtaa, bikoni (alama za zege za mipaka) zimewekwa, na majirani wameshajenga na kuvuta umeme. Nikinunua, hati nitapata? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usitoe hata arbuni kwanza. Barua ya mtaa inamtambulisha muuzaji tu. Haisemi ardhi ile imepangiwa nini. Na bikoni? Zege na nondo kila fundi anavyo.

Hutangulia mchoro wa mipango miji, ikafuata ramani ya upimaji, ndipo hati. Mchoro ukikosekana, vingine havisimami. Chukua koordineti za kona zote nne kwa GPS, uzipeleke ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji, uombe kuonyeshwa mchoro ulioidhinishwa. Tazama kama pale ni makazi, eneo la wazi au hifadhi. Ukitajiwa namba ya kiwanja, ilinganishe na koordineti zako kwenye ramani ya upimaji, maana namba inaweza kuwa halali lakini ya kiwanja kingine. Hati ikiwapo, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati.

Sasa mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Watu hupima maji yakiwa yametoka, wakajiona wana nafasi tele. Wewe nenda wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamejaa kabisa. Anzia pale yalipoacha mstari wa majani na takataka. Ukikuta mchu au mkandaa ndani ya kiwanja, achana nacho: mikoko ni msitu wa hifadhi.

Umeme wa majirani hauhalalishi kitu. Urasimishaji nao hupanga makazi yaliyoota kiholela, lakini hausogezi bahari. Kujaza kifusi ndiyo balaa zaidi: maji yanasukumwa kwa jirani, na chumvi inapanda ukutani hadi plasta inabanduka. Nyumba isiyo na kibali ikishapigwa X, kudai fidia ni kazi ngumu.

Mchoro ukisema makazi na mita 60 zikitimia, andikishianeni mkataba kwa wakili, kisha omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi.