Kusawazisha muda wa DAC mbili: kwa nini kipimo cha jana kinakataa umeme ukirudi

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Una DAC mbili (chipu zinazogeuza namba kuwa ishara ya umeme), moja ya I na nyingine ya Q (sehemu mbili za ishara moja ya redio, zinazopishana digrii 90), zinatoa sampuli milioni 125 kwa sekunde. Kila moja inapokea kloki (mapigo ya kupanga muda) ya megahezi 250 na kuigawanya kwa 2 ndani yake. Ulizisawazisha jioni hapo Moshi, imeji (kivuli cha toni kinachotokea upande wa pili wa masafa ya kati I na Q zisipolingana) ikashuka ukaridhika, umeme ukakatika, uliporudi imeji ikapanda vibaya. Siku nyingine umeme unakatika na kurudi na hakuna kinachobadilika. Wakuu waliotangulia wamesema ni joto. Mimi naona si joto.

Joto linasogeza muda taratibu. Ukiwasha bodi ikiwa ya baridi, hasa asubuhi za Julai huku kwetu Arusha, unaona fezi (nafasi ya wimbi kwa digrii) inatambaa kidogo kidogo mpaka chipu zipate moto, halafu inatulia. Ya kwako inaruka, au haitikisiki kabisa. Hiyo ni tabia ya kigawanyi cha kloki. DAC ikipata umeme, kigawanyi chake kinaanza kuhesabu kwenye ukingo wowote wa mpigo wa kloki kilioukuta. Zote mbili zikianzia ukingo mmoja, umepona. Zikipishana, zinapishana mzunguko mzima wa megahezi 250, yaani nanosekunde 4. Kwenye toni ya megahezi 10 hizo ni digrii 14.4, na imeji itakaa kama desibeli 18 tu chini ya toni. Ukikuta namba iliyo karibu na hiyo, usitafute mchawi mwingine.

Dawa yake si kusawazisha upya kila umeme ukirudi. Soma karatasi ya chipu uone kama ina pini ya kusinkronaizi. Kama ipo, ipe DAC zote mbili mpigo mmoja uliopangwa na kloki, kwa njia za shaba zenye urefu sawa, ili vigawanyi vianze pamoja. Chipu zinazofuata JESD204B (kiwango cha kupitisha data kwenda DAC), daraja dogo la 1 (subclass 1), zinafanya hivyo kwa ishara ya SYSREF, yaani mpigo wa rejea. Kama pini haipo, achana na vigawanyi: tengeneza megahezi 125 mahali pamoja na uigawe kwa DAC zote. Ukishindwa hata hilo, programu ipime tofauti kila bodi inapowaka na kuriseti DAC moja mpaka zikutane. Njia hiyo siipendi, lakini inafanya kazi.

Ukimaliza hapo ndipo inabaki tofauti isiyobadilika, na hiyo ndiyo ya kusawazisha. Sasa nikuombe jambo moja kwa msisitizo: kabla ya kulaumu DAC, pima waya zako. Kwenye waya wa koaksi wa kawaida ishara inasafiri kama sentimita 20 kwa nanosekunde. Sentimita 1 ya tofauti ni pikosekunde 50. Kazi yangu ni kutengeneza redio za magari ya utalii na vifaa vya maabara, na jozi za waya zinazouzwa kama "sawa" mara nyingi zinapishana upana wa kidole ukizilaza mezani pamoja. Kidole hicho peke yake kinatosha kukuharibia kipimo. Chukua kiunganishi cha T, peleka ishara moja kwenye chaneli zote mbili za osiloskopu kwa waya hizohizo, andika tofauti unayoiona. Hiyo ni ya waya na osiloskopu, itoe kwenye hesabu. Kisha pima DAC zikitoa sine ileile ya megahezi 10, na uchukue wastani mrefu. Baada ya hapo badilishana waya upande kwa upande, urudie. Jibu likigeuka, bado unapima waya.

Pili, pima imeji kwa megahezi 1 na kwa megahezi 10. Kosa la muda linakua na masafa: pikosekunde 100 zinakupa imeji ya desibeli 70 chini kwenye megahezi 1, na desibeli 50 chini kwenye megahezi 10. Kama imeji iko palepale kwenye masafa yote mawili, tatizo ni kimo (ukubwa wa ishara) cha I na Q kutolingana, au osileta ya miksa (saketi inayopandisha I na Q kwenye masafa ya redio) haitoi digrii 90 kamili. Kupishana kimo kwa asilimia 1 tu kunakuacha desibeli 46 chini, na huwezi kukuondoa kwa kusogeza muda hata ukeshe.

Kwenye kurekebisha kwenyewe, nimeona umeandika kwamba ulichelewesha laini za data kwenye FPGA (chipu unayoipanga mwenyewe, inayozilisha DAC data) na "hakuna kilichotokea, halafu ghafla ikaruka". Ndivyo inavyotakiwa kuwa. DAC inatoa sampuli ukingo wa kloki unapofika, data iwe imewahi au imechelewa. Ukiisukuma data mpaka ivuke ukingo, unaruka sampuli nzima, nanosekunde 8, na kabla ya hapo unapita eneo ambalo biti zinasomwa vibaya. Sogeza fezi ya kloki ya DAC moja, pamoja na data yake. Au ubaki ndani ya namba: kichujio cha FIR (kichujio cha kidijitali) cha kuchelewesha sehemu ya sampuli kwenye I au Q. Mimi nachagua kichujio, maana namba haziathiriwi na joto, na joto lenu la Januari mnalijua wenyewe. Acha bodi iwake nusu saa kabla ya kuchukua vipimo vya mwisho.

Jita, yaani kutikisika kwa ukingo wa kloki, usiichanganye na haya. Ni ya kubahatisha, haina namba moja isiyobadilika ambayo ungeitoa kwenye hesabu. Pikosekunde 1 ya jita kwenye megahezi 100 inakufungia kwenye desibeli 64 za ishara dhidi ya kelele, na hapo kinachosaidia ni osileta bora na regyuleta ya linia yenye kelele ndogo kwa ajili yake peke yake.

Zima na uwashe bodi mara kadhaa, andika tofauti ya muda kila inapowaka, uziweke hapa pamoja na jina la chipu. Tukiona namba mbili tu zinajirudia, tuanze na kigawanyi.