Kurusha Mshipi kwa Mikono Miwili: Jifunzie Dodoma Kabla Hujafika Mtoni

Mtindo wa kurusha mshipi kwa fimbo ndefu inayoshikwa mikono miwili unatoka Scotland, kwenye Mto Spey, ambako wavuvi wa samoni walikuwa wakiutumia tangu karne ya 19. Kingo za mto ule zina miinuko na miti. Mvuvi akitupa mshipi nyuma unanasa matawini, basi wakabuni njia nyingine: mshipi unanyanyuliwa majini, unawekwa ubavuni, ncha yake inashikwa na maji kidogo tu, kisha unatupwa mbele.

Mbinu hiyo inatufaa sana huku katikati ya nchi. Great Ruaha chini ya bwawa la Mtera una mawe na vichaka mgongoni mwa mvuvi, na ndani ya maji kuna mamba na viboko. Kule Scotland wanaingia mtoni hadi kiunoni. Huku usiingie hata hadi magotini. Unasimama juu ya jiwe lililoinuka, mbele yake maji mafupi ambayo unaona chini, na kutoka hapo chambo kinatakiwa kifike mita 20. Fimbo ndefu inakupa umbali huo bila kukuomba nafasi nyuma.

Vifaa kwanza. Fimbo ya futi 13, yaani karibu mita 4, ya namba 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa), inamtosha anayeanza. Za futi 15 ni nzito na zinaficha makosa ya mkono wa juu. Mshipi wa kurushia unapimwa kwa gramu: kwa fimbo hiyo tafuta kichwa, yaani sehemu nzito ya mbele ya mshipi, cha gramu 32 hadi 36, chenye urefu wa mara tatu ya fimbo, yaani mita 12 hivi. Mtindo wa kale unatumia kichwa kirefu zaidi, mara nne au tano ya fimbo, na ndio mzuri kuliko yote kuutazama, lakini usiuanzie. Kichwa kirefu hakisamehe mnyanyuo mbaya. Mbele ya kichwa funga uzi wa nailoni wenye urefu wa fimbo au kuzidi kidogo.

Fimbo hizi huja vipande vinne, na mizunguko ya urushaji huu inavilegeza viungo polepole. Zungushia kila kiungo utepe wa umeme. Kiungo kilicholegea hupasuka, na ukiagiza kipande kimoja hadi Dodoma utasubiri sana.

Sasa mikono. Mkono wa juu unashika karibu na mwisho wa juu wa mpini, wa chini unashika kitako cha fimbo. Karibu kila mwanafunzi anasukuma kwa mkono wa juu, na hapo ndipo mshipi unapofunguka mpana na kuanguka mafungu mita 10 mbele yako. Nguvu inatoka mkono wa chini: unakivuta kitako kuelekea tumboni huku mkono wa juu ukiwa kama mhimili tu. Kujipima ni rahisi. Shika mpini kwa vidole viwili na gumba vya mkono wa juu, urushe. Mshipi ukienda, mkono wa chini unafanya kazi.

Mrusho wa kujifunza mwanzo ni ule wa mikunjo miwili. Tuseme maji yanatoka kushoto kwenda kulia na mkono wako wa kulia uko juu. Mshipi umenyooka chini ya mkondo, yaani kule maji yanakoelekea, kulia kwako, na ncha ya fimbo inagusa maji. Kugusa huko si pambo: ncha ikianza juu, mshipi unalegea, na nusu ya mnyanyuo inaishia kukusanya ulegevu. Nyanyua taratibu, bila kusita, hadi fimbo ifike kama namba 10 kwenye uso wa saa ya ukutani, 9 ikiwa mbele yako na 12 juu ya kichwa. Ivushe mbele ya mwili hadi kushoto na kuishusha chini, ili mshipi ulale majini mbele yako. Angalia ncha ya mshipi ilipoishia: lazima ibaki upande wa kulia, umbali wa fimbo moja hivi kutoka ulipo. Ikipita kushoto kwako, acha, anza upya, kwa sababu ukiendelea mshipi utakatizana wenyewe kwa wenyewe na chambo kitakufuata usoni.

Kisha rudisha fimbo kulia kwa mwendo wa chini na wa kasi inayoongezeka, ukiubandua mshipi majini. Utaona maji yakiruka mstari mweupe. Fimbo ikifika kulia, ipandishe hadi namba 1, mkono wa juu usawa wa sikio. Mshipi sasa umefanya tumbo nyuma ya bega, na kipande kidogo cha mbele kimelala majini: hicho ndicho nanga. Vuta kitako, simamisha fimbo ghafla kwenye namba 10 au 11, uache mshipi uende.

Nanga ndiyo roho ya kazi yote. Ikiwa kubwa mno, mita tatu au nne za mshipi zimelala majini, utasikia fimbo nzito na mrusho ukafa. Sababu ni mbili: ulisita kabla ya kuvuta kitako, au ncha ya fimbo ilizama katikati ya mzunguko ukamwaga mshipi. Ikiwa ndogo mno, haikushika kabisa, utasikia mlio kama wa mjeledi nyuma yako: umenyanyua kwa pupa au umezungusha kwa nguvu kupita kiasi. Dawa yake ni kupunguza nguvu. Wanaume wenye mabega mapana huchelewa kulikubali hili. Kosa la tatu ni nanga iliyolala mshazari. Nanga inatakiwa ielekee kule unakotupa, na tumbo liwe nyuma yake kwenye mstari huohuo. Ukitaka kutupa mbele moja kwa moja huku nanga imeelekea chini ya mkondo, hakuna nguvu itakayokuokoa.

Mrusho wa mkunjo mmoja ni mzuri zaidi na mgumu zaidi. Maji yakitoka kulia kwenda kushoto, unanyanyua, unazungusha mara moja kwenda juu ya mkondo, yaani kule maji yanakotoka, ncha inagusa maji kulia kwako, na papo hapo unatupa. Hakuna muda wa kutazama. Usiuguse mpaka ule wa kwanza ukutoke vizuri mara kumi mfululizo.

Utumie upi? Upepo ndio unaoamua. Nanga na tumbo viwe daima upande ule upepo unakoelekea. Upepo ukivuma kushuka na mkondo, mikunjo miwili. Ukivuma kupanda mkondo, mkunjo mmoja. Ukikiuka, ndoano inakuja shingoni. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mwalimu mkali katika hili, kwa hiyo miwani na kofia ni lazima hata unapofanya mazoezi kwa kijipamba cha sufi badala ya ndoano.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mto, na ni bahati, maana mito yetu kama Bubu na Kinyasungwe ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Tumia uwanja wenye majani. Majani hayashiki mshipi kama maji, basi tengeneza uzi wa mazoezi: vipande vya nailoni nene vya sentimita 30, viunge kwa mafundo hadi upate urefu wa fimbo, na kila fundo liachie mikia ya sentimita 8. Mikia inanasa kwenye majani na nanga inapatikana. Usirushe juu ya changarawe wala ardhi tupu. Mshipi utachunika ngozi ndani ya wiki. Nusu saa kila siku inashinda Jumapili nzima, kwa sababu mkono uliochoka unarudi kusukuma. Na siku moja moja badili mikono, kushoto juu, kulia chini. Kuna kingo ambazo hazitakupa hiari.

Ukiwa tayari kwa mto, pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya upate leseni, uulize na sehemu zilizofungwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha usivue. Mfumo wa Rufiji, ambao Great Ruaha ni tawi lake, una samaki wa jamii ya Hydrocynus, yule mwenye meno marefu ambaye ndugu zake wa Ziwa Tanganyika huitwa vibebe. Anakata nailoni kwa mguso mmoja. Weka waya wa sentimita 20 hadi 30 mbele ya chambo, na akigonga vuta mshipi kwa mkono, fimbo ikibaki chini. Kina cha maji chini ya Mtera hutegemea maji yanayofunguliwa kwenye mitambo ya umeme. Weka kijiti penye ukingo wa maji unapofika, ukitazame kila baada ya marusho machache, na maji yakikipita kusanya vifaa upande juu.