Mtoto wa chekechea hali, halali, ana hasira: anzia kwenye usingizi

Mtoto anagomea chakula cha jioni, analala saa 4 usiku, na asubuhi anampiga mwenzake chekechea. Wazazi wengi huhesabu matatizo matatu, kumbe mara nyingi ni mnyororo mmoja. Aliyelala kidogo huamka na kisirani, hataki kifungua kinywa, hushinda akidokoadokoa, na jioni tumbo halina nafasi. Sisi tungeanza na usingizi.

Mwenye miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Akiwa anaamka saa 12:30 asubuhi na halali tena mchana, saa 2 usiku awe ameshalala, si ndiyo kwanza anatafutiwa nguo za kulalia. Televisheni na simu zizimwe saa nzima kabla. Halafu fuata mpangilio ule ule kila siku kwa dakika 30 hivi: kuoga, mswaki, kukojoa, hadithi moja, taa. Utoke chumbani akiwa bado macho. Hapo ndipo wengi hukosea. Kila mtu hushtuka kidogo usiku, na mtoto aliyezoea kupitiwa na usingizi mikononi mwa mama, akishtuka saa 8, ataitafuta mikono hiyo.

Kwa anayetoka kitandani kila dakika, mpe kadi moja ya kubadilisha na ombi moja tu, maji au kukumbatiwa. Ikishatumika, mrudishe kitandani kimya kimya. Siku za mwanzo kilio huongezeka kabla ya kupungua. Ukikubali usiku wa tatu, umemfundisha kulia kwa muda mrefu zaidi.

Woga wa giza katika umri huu ni wa kawaida, maana mawazo yake yamepanuka. Taa hafifu inatosha. Kufukuza dubwana kwa fimbo chini ya kitanda ni kumthibitishia kwamba lipo. Akipiga mayowe saa chache tu baada ya kulala, macho wazi na hakutambui, usimwamshe. Mlinde asijiumize, asubuhi hatakumbuka. Jinamizi ni tofauti: huja zaidi kuelekea alfajiri, naye huamka, hukumbuka na hutaka kubembelezwa.

Kuhusu chakula, kasi ya ukuaji imepungua, kiasi cha kilo 2 tu kwa mwaka, kwa hiyo hamu hushuka yenyewe. Wewe amua aina ya chakula, saa na mahali. Yeye aamue kiasi. Milo 3 na vitafunio 2, vikiachana saa mbili na nusu hadi tatu, katikati maji tu. Anza na kijiko kimoja cha chakula cha kila aina kwa kila mwaka wa umri, akitaka, ataongezewa. Maziwa yakizidi sana nusu lita kwa siku humjaza na huchangia upungufu wa madini ya chuma. Chakula kipya huenda kikahitaji kuonekana mezani mara 10 au zaidi, bila “onja tu, kwa ajili yangu”. Baada ya dakika 30 ondoa sahani bila hotuba. Na usimlipe peremende kwa kumaliza mboga: utakuwa umemwambia mboga ni adhabu.

Hasira zake ziandikie saa kwa wiki moja. Zikijazana kabla ya mlo na kuelekea magharibi, ni njaa na uchovu. Akiwa katikati ya kilio hasikii mafunzo. Kaa karibu, zuia mikono isipige. Akitulia, yape maneno yaliyotokea: “Ulikasirika alipochukua gari lako. Kupiga hapana. Mwambie, nirudishie.”

Mpeleke kwa daktari akikoroma karibu kila usiku au pumzi ikikatika usingizini, kwani huenda ni mafindofindo au nyama za pua. Vilevile akipungua uzito, akipaliwa mara kwa mara anapokula, au akipoteza maneno aliyokuwa akiyasema.