Kwa nini mkakati wa usalama wa taifa utangazwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mwanafunzi wangu ameniuliza kwa nini Marekani huchapisha Mkakati wake wa Usalama wa Taifa, nasi tukausoma hadi huku, ilhali adui naye ana macho. Je, mkakati huo huandaliwa vipi, na kuutangaza kuna faida gani?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, na jibu lake linaanzia kwenye sheria. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuipanga upya Wizara ya Ulinzi, iliyobeba majina ya Seneta Barry Goldwater na mbunge Bill Nichols, na ndani yake likamtaka Rais awasilishe kila mwaka taarifa inayoeleza maslahi ya nchi duniani, uwezo unaohitajika kuyalinda, na namna anavyokusudia kutumia nguvu za kisiasa, kiuchumi na kijeshi. Ronald Reagan aliwasilisha ya kwanza Januari 1987. Sheria hiyo ilitaka taarifa iwe na sura mbili, ya siri na ya wazi. Kwa hiyo katika kile anachosoma adui hamna mipango ya vita wala majina ya wapelelezi.

Uandishi huongozwa na watumishi wa Baraza la Usalama la Taifa katika Ikulu ya Marekani. Rasimu huzungushwa kwenye wizara, zikiwemo za Mambo ya Nje, Ulinzi na Fedha, na kila moja huweka masahihisho yake. Wizara huvutana hata juu ya neno moja, na zina sababu, kwa kuwa neno hilo huja kuegemewa na nyaraka nyingine na hatimaye maombi ya bajeti. Desemba 2017 mkakati wa Donald Trump uliitaja China na Urusi kuwa washindani wa Marekani. Mwezi mmoja baadaye Wizara ya Ulinzi ikatoa muhtasari wa mkakati wake, ikasema kwamba ushindani kati ya mataifa, na si ugaidi, ndio jambo linaloitia wasiwasi zaidi.

Kuhusu faida ya kutangaza, sijaona mfano ulio wazi kuliko wa mwaka 2002. Tarehe 1 Juni George W. Bush aliwahutubia wahitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, akawaambia kwamba Marekani ikisubiri vitisho vikomae itakuwa imechelewa mno. Septemba wazo hilo likaandikwa ndani ya mkakati: kwamba nchi inaweza kumpiga adui kabla hajashambulia. Machi 2003 majeshi yakaingia Iraq. Tangu waraka utoke, mbunge, mwandishi wa habari na raia wa kawaida walikuwa na takriban miezi sita ya kuhoji wazo lenyewe likiwa limeandikwa na kutiwa saini, na waliolihoji walijua hasa wanapinga nini. Vita haikuzuilika, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba fikra ya serikali ilikuwa imefichwa. Kwa maoni yangu, haki hiyo ya kuhoji mapema ina uzito kuliko faida ndogo anayoipata adui kwa kusoma.

Kasoro ipo: sharti la kila mwaka halizingatiwi. Bush alitoa mikakati miwili tu katika miaka minane, 2002 na 2006, na Barack Obama miwili vilevile, 2010 na 2015.

Jirani zetu Wakenya wana sharti linalokaribiana na hilo. Ibara ya 240 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inalitaka Baraza la Usalama la Taifa litoe taarifa bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa nchi.

Mwanafunzi wako akiupata waraka wa mwaka 2002, mwelekeze kwenye sura ya tano. Hoja ya kumwahi adui imeelezwa humo, na ataisoma akijua kilichotokea Machi iliyofuata.