Majani ya Marikiti: yapime kabla ng'ombe hajala

Msomaji mmoja wa Kasarani amenitumia picha ya gunia la majani ya kabeji akiuliza, "Dada, haya ni salama kwa ng'ombe wangu?" Kwa picha haijulikani, wala kwa kunusa. Maabara ndiyo itakayokuambia kama yamebaki na dawa ya wadudu.

Mimi nafuga hapa Dagoretti, na mabaki ya mboga ya soko la Marikiti, hapa Nairobi, ndiyo hunivusha nyasi zikipanda bei. Kuna mteja wangu wa siku nyingi aliyeacha kununua, akatangaza mbele ya majirani kwamba maziwa yangu ni ya ng'ombe wa takataka. Neno lile linaniuma hadi leo. Sikujibizana naye. Nilipeleka majani na maziwa kwenye maabara ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kule Karen, nikalipa mwenyewe, na mwezi huu majibu yametoka: hakuna dawa ya wadudu iliyozidi kiwango kinachoruhusiwa. Karatasi nimeibandika mlangoni pa banda. Wanunuzi wapya huisoma kabla hata ya kuuliza bei.

Sasa nisikilizeni wafugaji wenzangu. Dawa ikipulizwa shambani, majani ya nje ya kabeji ndiyo huipokea kwa wingi. Mchuuzi huyaambua hayo hayo ili kabeji ipendeze, nayo ndiyo yanayojaa guniani mwako. Ukiyaanika, maji hukauka lakini dawa nyingi yaweza kubaki: kilo 10 zikirudi kuwa kilo 2, kila kilo yaweza kubeba dawa hadi mara 5. Kuosha hupunguza iliyo juu ya jani tu. Imidaklopridi, dawa mojawapo ya wadudu, huingia ndani ya mmea, haiosheki. Zile za jamii ya DDT, dawa za wadudu za zamani, hujificha kwenye mafuta ya mnyama, zikatoka na maziwa kidogo kidogo.

Sampuli usichote juu juu. Toa juu, katikati na chini ya lundo, changanya, tia kama kilo moja kwenye mfuko mpya, upeleke siku hiyo hiyo. Sema ni dawa gani ilipulizwa kama unajua, maana kipimo hutafuta zilizo kwenye orodha yake tu. Ukibadilisha mchuuzi, pima upya.

Mtasema ni ghali. Changeni watano, mnunue kwa mchuuzi mmoja, mpime pamoja. Watoto wa watu wanakunywa hayo maziwa! Na mchuuzi muulizeni mkulima alipuliza lini. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Akishindwa kujibu, mimi humwachia gunia lake hata akinipa bure.