Geuza Picha Kwanza: kwa mnaoanza kuandika kutoka kwenye albamu za nyumbani

Kazi za kundi jipya la Jumamosi zimenifikia, na kabla sijamaliza ya tatu nilishachoka. Karibu zote zinaanza na "Picha hii inanikumbusha mbali." Mbali wapi? Hakuna anayesema. Kisha inakuja aya ya mapenzi ya mama, aya ya maisha ya zamani yalivyokuwa matamu (umeme hakuna, maji ya kisima, lakini watu walipendana), na mwisho shukrani kwa Mungu. Picha imebandikwa juu ya ukurasa vizuri kabisa, ila ndani ya maandishi haimo. Ukiibandua, hakuna sentensi hata moja itakayotikisika.

Nawapenda, na ndiyo maana nawagombeza. Makosa haya si mageni, nimeyaona kwa kila kundi linaloingia, na kuandika maoni yale yale pembeni ya kila karatasi kunanimalizia wino. Basi someni hapa mara moja.

1. Angalia kabla hujakumbuka. Kaa na picha robo saa, uandike unachokiona tu: nani kasimama wapi, nani kafumba macho, kivuli cha mpiga picha kimeangukia miguu ya nani. "Bibi yangu mpendwa" usiiandike. Mapenzi hayaonekani kwenye picha, unaoonekana ni mkono uliowekwa begani, au ule ambao haukuwekwa. Kuna kijana aliniletea kurasa mbili kuhusu babu yake, ambaye hakumkuta duniani. Aya nzima ilikuwa juu ya ukaidi wa mzee yule kutumia mkono wa kushoto enzi ambazo walimu walichapa watoto kwa hilo. Ushahidi? Saa iko mkono wa kulia. Nikamwambia aangalie kanga ya mwanamke aliyesimama nyuma. Maandishi yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Negativu, yaani kile kipande cha filamu ambacho picha hutolewa kwacho, iligeuzwa wakati wa kusafisha picha, basi. Babu wa watu alikuwa wa mkono wa kulia kama sisi wengine, na ukaidi, kama alikuwa nao, utafutwe kwingine.

2. Kanga isomeni hata kama haikugeuzwa. Mwanamke akijua anapigwa picha hajifungi kanga ya kwanza aliyoikuta kambani. Bibi harusi anacheka, na shangazi nyuma yake kajitanda "Hasidi hana sababu." Hadithi iko hapo, na wewe umeandika kuhusu keki.

3. Pazia la studio msiliruke. Mmoja wenu kaandika kwamba babu yake "alimiliki redio kubwa." Redio ile ni ya studio, mwanangu. Na miwani, na tai, na pengine koti pia. Miaka ya 90 wapiga picha wa Likoni, pale kivukoni Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya ndege na meli, na mtu aliyekuja mjini kutafuta kibarua alipeleka nyumbani kwao picha yake akiwa na ndege nyuma. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mkono, miaka mingi kabla ya hizi programu zenu za simu. Ukishajua kwamba redio si ya babu, swali linanoga: kwa nini alichagua redio, na maua ya plastiki yalikuwa pale pale?

Studio ilikuwa na faragha yake pia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zikawa za kusakwa barabarani Dar es Salaam. Sasa fungua albamu ya shangazi yako aliyekuwa karani mjini miaka hiyo. Ukimkuta na sketi juu ya magoti, usiishie kusema alikuwa mrembo. Muulize alifikaje studio na vazi hilo, na alilirudisha nyumbani ndani ya nini.

Na wale mnaosema hamna kitu cha kuandika kwa sababu mna picha za kitambulisho tu: Gulu, kaskazini mwa Uganda, Gulu Real Art Studio ilikuwa inampiga mteja picha ya kawaida, amekaa kitini, kisha uso unakatwa kwa mashine na kupewa mwenyewe. Yalibaki mabaki yenye tundu la mraba mahali pa kichwa: mama na mtoto mapajani, mikono iliyokunjwa, na koti moja la studio likizunguka mtu baada ya mtu. Hakuna uso hata mmoja, na bado unaweza kukaa nayo mchana kutwa.

4. Geuza picha. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Kwenye albamu ya mama, ile ya kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizoingia kwa fujo miaka ya 90 zikaharibu picha za nyumba nzima, kulikuwa na picha ndogo ya mraba, nyeusi na nyeupe. Bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu ya Pangani, kapakata mtoto. Mtoto ana kofia ya sufu na jicho moja kalikunja kwa jua. Nimekua nikiamini kwamba yule ni mimi. Nikijiuliza leo nani aliniambia, simpati.

Nikaiandikia. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mwandishi, na mnajua mtu akifika hapo anavyokuwa. Nikaeleza uzito wangu kwenye mapaja ya bibi. Nikaeleza harufu ya moshi kwenye kanga yake (harufu! kwenye picha!). Nikatunga na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote, kuhusu kivuli cha makuti kilichotuangukia mimi na bibi kama mistari ya daftari. Niliipenda mpaka nikawa naisoma kwa sauti bafuni.

Makuti. Kila Idd kwetu husimuliwa jinsi bibi alivyouza nazi msimu baada ya msimu mpaka akaezeka mabati, na jinsi mvua ya kwanza ilivyoyapiga yale mabati mama akiwa na mimba yangu, asipate usingizi mpaka alfajiri. Hadithi hiyo naijua tangu sijajua kusoma. Mimi nimezaliwa chini ya mabati. Na bado nikaandika makuti kwa mkono wangu, nikayapamba, nisishtuke hata kidogo.

Nikaisoma siku ya Idd, baada ya chakula cha mchana, sebuleni, mbele ya watu walioshiba. Vijana walicheka palipostahili kucheka. Wajomba waliangalia mkeka, nami nikadhani ni usingizi wa pilau. Mama alisikiliza mpaka kwenye makuti, akanyanyuka, akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda nazo jikoni. Nilidhani amezidiwa na uzuri wa maandishi. Nasema kweli, ndivyo nilivyodhani. Nikapandisha sauti ili anisikie kule kule aliko.

Mama mdogo alinifuata uani jioni. Hakunifokea. Aliniuliza kama nimewahi kuona mgongo wa picha ile. Nikaenda kuibandua kwa kucha, kwa pupa, pembe moja ikabaki kwenye gundi na haijarudi mpaka leo. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mama: jina langu, halafu 1973. Mimi ni wa 1976.

Kulikuwa na dada kabla yangu. Surua ilimchukua hajatimiza miaka miwili, na nilipozaliwa nikapewa jina lake. Mpiga picha alikuwa mtu wa baiskeli aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, na ile ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa mtoto yule. Mama hakuwahi kutueleza, na hakuwahi kuificha pia. Ilikaa albamuni ambapo kila mtu aliiona, na mimi niliifungua mara nyingi kuliko wote. Jina lake nilishalichukua bila kujua. Sasa nikawa nimemchukulia na bibi yake na kofia yake, nikavisoma hadharani kwa mbwembwe. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi la familia, kuanzia Tanga mpaka kwa ndugu zetu wa Muscat, na chini nimeandika: "Mimi na bibi."

Kuna binamu aliyejibu kwa moyo mwekundu. Hakujua na yeye. Nilifuta nilichoweza kufuta, ila unafuta nini kwenye simu za watu?

Mama alilizungumzia jambo lile kesho yake asubuhi, kwa sentensi moja: "Nirudishie picha yangu." Nikamrudishia, na pembe yake iliyokatika. Maandishi yale niliyachoma, na sikuyarudia. Hapa nayataja kwa ruhusa yake. Nilipomwomba, alisema, "Waambie hao wanafunzi wako wajifunze kuhesabu kwanza."

Basi hesabuni. Mgongo wa picha una muhuri wa studio, namba ya negativu, mwaka, "kwa ukumbusho", na mara nyingine deni ambalo halijalipwa. Mkiona mwaka, uwekeni pembeni ya umri wa kila aliyemo, pembeni ya ukuta, paa, mti. Kitu kimoja kikikataa, simamisha kalamu. Na kama picha imenasa kwenye gundi, usitumie kucha kama mimi. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini yake polepole, ukianzia pembeni, na ukiona inagoma iache ilipo uipige kwa simu.

5. Ile tarehe ya rangi ya machungwa iliyochapwa kwenye kona ya picha msiiamini. Kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa saa tangu betri ya kwanza ilipokwisha, ndiyo maana kuna harusi za mchana zenye saa ya usiku wa manane.

6. Muulize aliyeshika kamera, kama yu hai. Binti mmoja alinililia kwa kurasa nne kwamba baba hayumo kwenye albamu yao yote, baba aliyekimbia malezi. Nikamuuliza kamera ilikuwa ya nani. Kimya. Ilikuwa ya baba. Picha zote zile, kila mtu anacheka kuelekea upande aliopo yeye, na binti hakuwahi kujiuliza wanamchekea nani.

7. Aliyemo kwenye picha na bado anapumua, mwonyeshe maandishi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa, amekataa. Usianze kunieleza habari za sanaa.

8. Mambo ya simu, haraka haraka. Skani picha ndogo kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Kama huna skana, iweke dirishani mwanga utokee ubavuni, zima flashi. WhatsApp ikipeleka picha kama picha inaibana, na taarifa za tarehe na mahali zinaondoka, kwa hiyo tuma kama dokumenti. Nyuma andika kwa penseli laini, kalamu ya wino hujitokeza upande wa pili. Na yule aliyepitisha uso wa marehemu babu yake kwenye programu ya kulainisha ngozi, tutaonana ana kwa ana.

9. Acheni harusi. Harusi, kipaimara, mahafali, Idd: ndivyo mnavyoniletea, watu wamevaa vizuri, wamevuta pumzi, wanaangalia kamera. Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba mkanda wa picha 36 haukupelekwa kusafishwa mpaka uishe. Zikibaki mbili tatu baada ya sherehe, mtu alisimama uani akapiga chochote ili kesho aupeleke: mbuzi, kamba ya nguo, jirani anayekuna nazi bila habari. Picha hizo hazikubandikwa albamuni. Utazikuta zimelegea kwenye ukurasa wa mwisho, au ndani ya bahasha ya studio pamoja na negativu.

Kwetu ipo moja. Baba amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anakata kucha za miguu, juu shati la kazini na chini msuli. Nyuma yake ndoo tatu ziko foleni kwenye bomba, na ya kati ina jiwe ndani ili upepo usiihamishe. Baba nilimwandikia mistari michache tu. Ile ndoo yenye jiwe ndiyo iliyonipa kazi: maji ya miaka ya 80 yaliyokuja usiku, zamu za kukesha bombani, nani alikuwa na haki ya kuweka jiwe na nani alilitoa, na ugomvi na nyumba ya jirani uliokwenda mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, kisha ukaishia kwa kaka yangu kumwoa binti wa jirani huyo huyo. Harusi yao ina albamu nzima ya rangi. Nimeipekua mara kadhaa na sijapata humo hata sentensi moja.

Jumamosi kila mmoja alete picha ya namna hiyo. Msiniambie hamna, simu zenu ndizo zimejaa: picha ya namba za LUKU za kuingizia umeme, ya risiti, ya kidole kilichoziba lenzi, ya sufuria uliyompigia dada yako kumuuliza kama wali umeiva. Msizifute kabla sijaziona.